Taa Iking'aa, Kuna Ugomvi

Tarehe 6 Februari

Kaka,

Shikamoo, kama bado unazipokea shikamoo zangu. Mimi mzima. Nimepata chumba juu ya duka la fundi viatu, kwa hiyo nyundo yake ndiyo inayoniamsha asubuhi na kuta zangu zinanuka gundi. Kiwandani wamenitoa kwenye kufagia vipande vya waya, sasa nakaa kwenye mashine. Msalimie wifi. Mtoto mwambie shangazi yake hajamsahau, hata kama meno yameota bila mimi kuyaona.

Naandika kwa sababu simu umeigeuza mlango na kufuli umeliweka wewe. Nikipiga, "Baba amelala." Mchana kweupe, Baba amelala. Nikipiga jioni, "Baba anaoga." Mtu ambaye upande mmoja wa mwili haumtii, iweje awe anaoga kila nikipiga? Mara ya mwisho nilimsikia akikohoa karibu yako, na kile hakikuwa kikohozi cha mtu aliyelala.

Habari nimezipata kwa Bi Pumba. Ulisahau kwamba mwenye mashine ya kusaga ana namba yangu? Alinipigia kunipa pole, na pole ikageuka masuto. Anasema mtaa mzima umeambiwa, na aliyeuambia ni wewe, kwamba transfoma yake iliungua kwa sababu koili ya waya niliyoisuka mimi pale karakana kwetu ilikuwa mbovu, na kwamba moshi ule ndio uliomwangusha Baba na kumletea kiharusi. Bi Pumba hana ubaya, ni mdomo wake tu haufungiki, kama magunia yake. Lakini maneno ni yako.

Asiyekuwepo na lake halipo, najua. Mimi niliondoka na basi la asubuhi, transfoma ikawashwa mchana nikiwa njiani nimepakata mfuko wa nguo. Ilikuwa rahisi kunibandika. Nakuuliza jambo moja tu, fundi kwa fundi: kabla ya kuwasha, mliweka taa?

Mwezi wa saba nina likizo. Nakuja kumwona baba yangu. Nijibu.

Mdogo wako,
Mashoto

*

Tarehe 27 Februari

Mashoto,

Marahaba. Wifi yako hajambo, anashona sare za shule na nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha bluu, hata kwenye chai nimekuta uzi. Mtoto meno yake ameyajaribu yote kwenye kidole changu. Paa la karakana linavuja palepale lilipovuja siku zote, juu ya meza ya vanishi, na ndoo ni ileile. Baba anakunywa uji na asubuhi anakaa kibarazani. Mguu unarudi kidogokidogo. Mkono wa kushoto haujarudi. Nakueleza hivyo kwa sababu najua ungeuliza, na kwa sababu nataka ulale nalo.

Sasa lako. Koili uliyoisuka iliungwa. Transfoma ikafungwa kwenye laini, ikawashwa, ikavuma vibaya, ikatoa moshi, watu wakakimbia na unga wao vichwani. Baba alianguka pale pale mlangoni. Hayo ndiyo yaliyotokea. Koili nzima haiungui siku ya kwanza.

Usiniulize habari za taa. Mtu aliyeondoka alfajiri bila hata kusubiri kazi yake ipimwe, leo anataka kuwa mkaguzi? Ulikuwa na haraka ya kwenda kuwa mtu wa kiwandani, umekuwa. Hongera.

Na usije. Baba hataki kusikia jina lako. Hilo silisemi mimi, analisema yeye kwa njia aliyobaki nayo: nikikutaja anageuza uso ukutani na hageuki tena mpaka wifi yako amwite kula. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amesema asishtuliwe. Wewe ni mshtuko. Kaa huko huko.

Kaka yako

*

Tarehe 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kwa mguu wa Baba. Mwambie wifi asitupe vipande vya bluu, anishonee foronya. Hapa fundi viatu ameleta redio na anaimba juu yake, sijui kipi kibaya zaidi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, na kuna kitu kinaniwasha kama sufu ya kuhami joto ikigusa ngozi. Umeandika "iliungwa". Umeandika "ikafungwa", "ikawashwa". Na nani? Nyaya hazijiungi zenyewe. Lugha yetu imejaa watu, Kaka, na wewe umeandika ukurasa mzima hakuna mtu ndani yake isipokuwa mimi.

Eti koili nzima haiungui siku ya kwanza. Hilo mwambie Bi Pumba, usiniambie mimi. Transfoma ile ina koili mbili za kupokea, moja ya Baba na moja yangu, zimekaa moja juu ya nyingine kwenye mguu mmoja wa chuma, na koili ya kutoa iko kwenye mguu wa pili. Ya kupokea na ya kutoa hazigusani, hakuna hata uzi wa shaba unaovuka. Umeme wa laini unakwenda na kurudi, sumaku ndani ya chuma inapanda na kushuka pamoja nao, na ni kule kupanda na kushuka kunakoamsha umeme upande wa pili, mdogo au mkubwa kulingana na mizunguko uliyosuka. Ukiipa umeme wa betri, usiokwenda wala kurudi, koili ya pili haipati kitu. Inakaa pale kama mimi ninavyokaa na simu yako.

Lakini zile mbili za kupokea lazima zisukume upande mmoja. Zikipingana, ni kama gari bovu linalosukumwa na mmoja mbele na mmoja nyuma: gari haliendi, ila jasho linatoka. Sumaku ya hii inafutwa na ya ile. Na sumaku ndiyo inayouzuia umeme usimiminike. Ikifutwa, koili inabaki waya mtupu, umeme unamwagika humo mpaka vanishi iliyopakwa waya inachemka. Koili zote mbili zinaweza kuwa nzima, tena nzuri, na transfoma ikateketea, kwa sababu mtu mmoja ameunga kinyume.

Ndiyo maana tuna taa. Unaipitisha njiani kabla umeme haujafika kwenye transfoma. Taa ikififia, koili zimepatana. Taa iking'aa, kuna ugomvi. Maneno hayo Baba ametuimbia tangu hujaota ndevu. Na ndiyo maana tunafunga uzi mwekundu kwenye waya ambao umeme unatakiwa kuingilia, ili hata asiyejua nani kasuka ajue mdomo uko wapi.

Sikuulizi tena kama taa iliwekwa. Nakuuliza nani aliunga. Na nadhani namjua.

Mashoto

*

Tarehe 9 Mei

Mashoto,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu. Mtoto alipata homa, imepita. Wifi yako anasema foronya utashona mwenyewe, halafu jioni nimemwona anakata kitambaa, kwa hiyo usimsikilize. Baba ameanza kutamka maneno mafupi. "Maji." "Funga." "Hapana." Hapana ndiyo anayoipenda.

Ulitaka mtu kwenye barua. Haya, mtu huyu hapa. Niliishusha koili yako kutoka kwenye kile chuma, nikaichana gamba kwa msumeno, nikaanza kufuata waya tabaka kwa tabaka. Unajua nilichokuta? Imesukwa kulia. Mashoto wa Baba, mrithi wa mkono, yule ambaye kila mteja aliletwa mezani kwake amwone anavyozungusha, koili yake imesukwa kulia. Wewe na Baba hamjawahi kusuka kulia maisha yenu. Kwa hiyo nieleze: kazi ya Bi Pumba ulimpa nani? Ulimwokota kibarua gani akusukie, wewe ukakunje nguo zako?

Na ukishamaliza kunifundisha transfoma, nikukumbushe habari za karakana. Mpini wa mashine ile ya kusukia uko upande wenu. Nimesimama mbele yake tangu utoto, mimi wa kulia, nazungusha kwa mkono usio wangu, koili zangu zinatoka zimelegea, na Baba anasema, "Mwachie Mashoto." Mpini unafungwa kwa boliti mbili. Hakuna aliyewahi kuuhamisha kwa ajili yangu, na mimi sikuuhamisha kwa sababu nilitaka aone mwenyewe. Sasa yeye yuko kibarazani na namlisha kwa kijiko. Mkono unaokishika ni wa kulia, na bado nikikosea kumwelekezea anaangalia pale ulipokuwa unakaa wewe.

Koili nakutumia kwa basi. Itazame mwenyewe kwa macho yako, halafu itupe. Sitaki kuiona tena hapa.

Kaka yako

*

Tarehe 30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa homa ya mtoto. Kifurushi kimefika, kondakta alinitazama kama niliyetumiwa jiwe. Sasa kiko chini ya kitanda na chumba kimeacha kunuka gundi, kinanuka moshi.

Ni kweli imesukwa kulia. Nimeisuka mimi. Mashine za kiwandani zinazunguka upande mmoja tu, na walikuwa wameniambia kwamba asiyeweza kulia hana nafasi. Nikajifunza. Zile boliti mbili ulizoziangalia tangu utoto, mimi nilizifungua mchana mmoja Baba akiwa kwa muuza shaba, nikahamisha mpini, nikasuka koili ya Bi Pumba kwa mkono wa kulia, nikaurudisha. Mkono uliniuma mpaka kwenye shingo. Baba sikumwambia, kwa sababu angejua hapo hapo kwamba naondoka. Hakuna kibarua. Ningempa mtu baki kazi yangu? Unanijua kweli wewe?

Lakini usianze kushangilia. Koili ya kulia si koili mbovu. Inachobadilika ni mdomo: kama zetu za kushoto umeme unaingilia waya wa juu, hii unatakiwa uingilie wa chini. Nami uzi nikaufunga kwenye waya wa chini, mara tatu, kwa fundo. Uzi umeungua, lakini wekundu wake umeganda kwenye vanishi, uko hapa, nimeugusa kwa kidole. Aliyeunga hakuutazama. Alishika waya wa juu kwa mazoea, taa hakuweka, akawasha. Mazoea ya nani hayo, ya kutotazama uzi? Nani aliyekuwa akisema nyuzi ni mambo ya washonaji? Ulikuwa unasema hivyo mezani, na Baba akikutazama kwa jicho lile.

Kisha ukawa mjanja. Maungio yenyewe, pale koili yangu ilipokutana na ya Baba, hayapo. Umeyakata kwa koleo, makato bado yanang'aa. Mtu hakati kitu ambacho hakimsuti.

Mwezi wa saba nakuja, uniruhusu usiniruhusu. Nitaibeba koili hii kwenye mfuko, nitaiweka kwenye magoti ya Baba, nitamwonyesha wekundu wa uzi wangu na makato yako. Kisha ageukie ukuta akitaka, lakini ajue anamgeuzia nani kisogo. Umemnyima baba yangu ukweli, ukaninyima mimi baba. Kwa hilo nakuchukia, Kaka, na naliandika bila hasira ya papo kwa papo. Nimelifikiria.

Mashoto

*

Tarehe 12 Juni

Mashoto,

Wote wazima.

Usilete koili hiyo hapa.

Unataka mtu? Niliunga mimi. Uzi sikuutazama, taa sikuweka, maungio nimeyakata kwa sababu ya aibu. Mwambie Bi Pumba. Mpigie leo, ifikapo kesho mtaa mzima utakuwa unajua na jina lako litakuwa safi. Wateja watanikimbia, waache wakimbie. Niite utakavyo.

Lakini usiiweke kwenye magoti ya Baba. Nakuomba, na unajua mimi si mwombaji.

Kaka yako

*

Tarehe 1 Julai

Kaka,

Shikamoo. Foronya imefika. Mwambie wifi nimelalia na haikwaruzi.

Barua yako ilinifurahisha kwa muda wa kupanda ngazi. Nilipofika chumbani ikaanza kuninuka. Miezi yote hii umeandika "iliungwa", "ikawashwa", nimekuvuta kwa meno hukusema "nili-" hata mara moja, halafu nikataja magoti ya Baba ukakiri kila kitu kwa mistari miwili. Wewe, ambaye hukuwahi kukiri hata ulipovunja kioo cha kabati na mpira ukiwa bado mkononi.

Nikaitoa koili chini ya kitanda, nikaipeleka dirishani.

Ulikata maungio, lakini hukukata mbali. Kwenye mkia wa waya umebaki msokoto, kipande kifupi, umeshikana kwa moto kiasi kwamba hata kwa koleo haufunguki. Wewe ukiunga waya unasokota kulia, mtu yeyote wa kulia husokota hivyo bila kufikiri. Huu umesokotwa kushoto. Umebanwa vizuri, mkia umelazwa ubavuni kwa kidole gumba ili usichome mtu. Njia ya mwongo fupi, Kaka, na yako haikufika hata urefu wa kucha. Mashoto tulikuwa wawili tu kwenye karakana ile, na mmoja alikuwa kwenye basi.

Nilikaa chini. Fundi viatu alikuwa anaimba na sikumsikia.

Kisha nikaelewa na la taa, na hilo ndilo linalonikata. Baba hakuwahi kuiacha taa, hata kwa koili aliyoisuka mwenyewe. Hii aliiacha kwa sababu ilikuwa yangu. Aliijua kazi ya mkono wangu, aliufundisha yeye, akashika waya wa juu huku macho yakiwa kwingine, kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango wa kwake. Uzi autazame wa nini? Alikuwa anamuunga mwanawe. Na mimi mkono nilikuwa nimeubadilisha nyuma ya mgongo wake.

Sasa najua kwa nini ulinibandika mimi. Ulitaka asijue ni mkono wake. Ungeweza kuniambia. Ungeweza kuandika mstari mmoja, "ni Baba, nyamaza," nami ningenyamaza. Hukuniamini hata kwa hilo. Ulipenda zaidi nichukiwe, kwa sababu nikichukiwa mimi, kijiko kinabaki mkononi mwako peke yako. Hilo sitakusamehe, usilisubiri.

Koili nimeitupa, kama ulivyoagiza. Likizo nitaipitisha huku. Msomee Baba haya, na usiongeze neno: "Koili ilikuwa mbovu. Ni ya kwangu. Niliisuka kwa haraka. Shikamoo, Baba."

Mashoto

*

Tarehe 22 Julai

Mashoto,

Marahaba. Wifi yako, mtoto, wote wako salama. Paa nimeliziba na bati la mlango wa zamani, sasa linavuja mahali pengine.

Umeniandika vibaya, na sehemu ya hayo ni kweli, na nitakuachia ubishi wewe mwenyewe uchague ipi. Ndiyo, nilifika pale moshi bado umejaa, nikaona msokoto wa kushoto kabla sijaona kwamba Baba yuko chini. Nikaukata kabla sijamwinua. Hilo sijamwambia hata wifi yako. Nilikata kwanza, nikamwinua baadaye, na kila nikimlisha naliona koleo lile. Kukuambia wewe ningekuambia vipi? Wewe ukijua jambo uso wako unalitangaza. Na ndiyo, kijiko nilikipenda.

Nikamsomea. Nilikaa kwenye kiti kifupi pale kibarazani nikamsomea mstari wako kama ulivyo, sikuongeza neno. Niliposema "ni ya kwangu", akageuza uso ukutani kama kawaida. Nikafikiri yameisha, nikaanza kukunja karatasi. Akasema, "Mwongo."

Nikamwambia, Baba, ameandika hivyo mwenyewe. Akasema tena, "Mwongo." Kisha akaanza kuvuta neno jingine, unajua sasa kila neno analitoa kama mtu anayechomoa msumari, na jasho likamtoka, nami nikataka kumwambia aache. Akasema, "Taa. Sikuweka."

Mashoto, anajua. Alijua tangu aliposikia ile transfoma inavuma, kabla hata ya moshi. Fundi wa miaka yote ile, asijue sauti ya koili zinazogombana? Pale ukutani hakuwa anakugeuzia wewe kisogo. Alikuwa anauficha uso wake kila nikikutaja, kwa aibu, na mimi nikamtafsiri nipendavyo. Nimekusingizia wewe, na Baba pia nimemsingizia hukumu ambayo hakuitoa.

Basi nikamsomea yote. Barua zako zote, na za kwangu nilizokumbuka, na habari ya mkono wa kulia na mpini uliouhamisha mchana. Hapo kwenye mpini akanizuia kwa kidole. "Kulia?" Nikasema ndiyo, koili nzima, kulia. Akacheka. Upande mmoja wa mdomo tu ndio unaocheka sasa, lakini kilikuwa kicheko. Kisha akanyanyua ule mkono wake mzima, akautazama mbele na nyuma kama kifaa kigeni, akaniambia nihamishe mpini.

Nimeuhamisha. Uko kulia, baada ya maisha yangu yote. Nilifikiri ni kwa ajili yangu, na sitakuficha kwamba nilisimama pale na spana nikiwa nimefurahi. Akajikokota mpaka kwenye mashine akaushika yeye. Waya ukamkimbia. Akajaribu tena, ukamkimbia. Nikamwambia, Baba, mimi ni wa kulia toka tumboni mwa Mama, nipe nikuonyeshe. Akatikisa kichwa. Unajua alivyosema? Ilimchukua muda, lakini alilisema lote. "Wewe ulizaliwa nao. Mwite aliyejifunza."

Kwa hiyo nakuita. Wifi yako atakuja kituoni, mimi sitakuja. Taa iko mezani, tutaihitaji, na ukiingia mlangoni sidhani kama itafifia mapema.

Baba anakutaka. Mimi bado. Njoo.

Kaka yako